Stereo yako haitoi sauti poa? Kagua spika na chumba kabla hujanunua ampu ingine

Jirani yangu hapa Kisumu alibadilisha ampu, yaani amplifaya, ile mashini inayosukuma spika, mara mbili ndani ya mwaka mmoja juu besi ilikuwa haiko. Spika zake ni zile kubwa za mbao, za mtumba, za nguvu kabisa, na kila akiweka rumba unasikia gita na waimbaji lakini chini hakuna kitu, ni kama mtu amekata wimbo katikati akakuachia nusu ya juu. Jumapili moja nikaingia kwake nikamwambia zima kwanza, nikageuza spika ya kushoto, nikaona waya mwekundu umefungwa kwa nyeusi na mweusi kwa nyekundu. Nikabadilisha, tukawasha, na besi ikatoka mpaka vikombe vya wageni kwa kabati vikaanza kulia. Akaniangalia akasema, "Omera, kumbe besi ilikuwanga humu ndani tu?" Ilikuwanga humo ndani. Pesa ya ampu mbili ilikuwa imeshaenda na dawa yenyewe ilikuwa dakika mbili na bisibisi.

Ndio maana naandika hii. Naona watu wengi wanatafuta shida mahali haiko, sauti ikiharibika kitu cha kwanza ni ampu mpya, ama kuongeza wufa (spika ya besi), ama mtu anauziwa waya ya bei ghali ati ndio italeta utamu. Nimeshika hizi vitu miaka mingi na mpangilio ninaouamini ni huu: spika zenyewe pamoja na chumba na mahali umeziweka, hiyo ndio inabeba karibu kila kitu unachosikia. Halafu wimbo wenyewe umetoka wapi. Halafu ampu. Waya ni ya mwisho kabisa. Ampu isiyo na shida, kama hujaisukuma kupita uwezo wake, mara nyingi inaharibu sauti chini ya asilimia 0.1, na spika ikicheza besi kwa nguvu inaweza kuharibu asilimia kadhaa. Chumba nacho kinaweza kuinua noti moja ya besi ama kuizamisha kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 na zaidi, na desibeli 10 kwa masikio ni kama sauti imeongezeka mara mbili. Hakuna waya itakufanyia hivyo.

Kabla hujagusa kitu

Chagua wimbo mmoja unaoujua vizuri na utumie huo huo mpaka mwisho. Mimi napendanga kutumia benga, juu gita ya besi inatembea noti kwa noti na gita ya solo inaijibu huko juu, kwa hivyo unapima chini na juu kwa wimbo mmoja. Zima ekwalaiza zote, ya simu na ya ampu, rudisha besi na trebo katikati. Halafu badilisha kitu kimoja tu, sikiliza, ndio uende kwa kingine. Ukibadilisha vitu vitatu mara moja na sauti ikarudi utajuaje ni gani ilikuwa na shida, na kesho ikirudi utaanza tena mwanzo.

Na kila ukishika waya wa spika, ampu iwe imezimwa. Ncha mbili zikigusana ikiwa inacheza unaweza kuchoma chanelo nzima, yaani upande mzima wa ampu.

Besi haiko

Anza na ile ya jirani yangu. Spika mbili zikiwa zimefungwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati ingine inavuta, na zile sauti za chini zinauana katikati ya chumba kabla zikufikie. Kupima ni rahisi: weka redio wakati wa habari, kaa katikati ya spika zote mbili. Sauti ya mtangazaji inafaa kutoka pale katikati, kama mtu amesimama mbele yako. Ukisikia imetawanyika, huwezi kusema inatoka wapi, geuza waya wa spika moja tu, ya kushoto ama ya kulia, haijalishi, na usikilize tena. Kama bado una shaka, zikalishe uso kwa uso karibu karibu, cheza wimbo, kisha geuza waya wa moja. Ile hali yenye besi zaidi ndio sawa.

Spika zingine za mtumba rangi zimefutika na hujui nyekundu ni gani. Hapo chukua betri ndogo ya volti 1.5, zile za rimoti, gusisha waya wa spika kwa betri mara moja tu kisha utoe. Koni, ule uso wa spika unaotikisika, ikiruka kuja nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio nyekundu. Ikiingia ndani ni kinyume. Usishikilie betri hapo, na usijaribu hiyo kwa twita, ile spika ndogo ya juu, fanya kwa ile kubwa.

Kama waya ziko sawa na besi bado haiko, simama uzunguke nyumba. Kweli, simama, tembea mpaka kwa kona, inama karibu na ukuta. Ukikuta besi imejaa pale kwa ukuta na kwa kochi haiko, hiyo stereo haina shida, ni kochi liko mahali besi inakufia. Mara nyingi ni katikati kabisa ya chumba. Sogeza kochi nyuma, ama sogeza spika, usiende dukani.

Sababu ingine ni spika zenyewe ni ndogo. Spika ya inchi 3 haitatoa Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) hata uifunge kwa ampu ya uwanja wa mpira. Hapo ndio mtu anafaa kuongeza wufa, na hapo tu.

Besi ni mingi lakini ni mbaya, noti moja inanguruma

Hii ndio shida ya nyumba zetu na ningependa watu waielewe vizuri. Nyumba nyingi za kupanga, iwe Kondele, iwe Kaptembwa kule Nakuru, iwe Amalemba Kakamega, chumba ni futi 10 kwa 10. Futi 10 ni mita 3.05. Sauti kwa joto la huku inasafiri karibu mita 347 kwa sekunde. Chukua hiyo 347 ugawanye kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 6.1, unapata karibu 57. Hiyo Hz 57 ndio noti ya nyumba yako, inagonga ukuta huu inarudi kwa ule na kila ikirudi inajikuta, inajiongeza. Sasa gita ya besi, waya yake ya pili kutoka chini, ile ya A, ni Hz 55. Kwa hivyo mpigaji akigusa hapo chumba kizima kinanguruma, akishuka kwa E ya Hz 41 unaona ni kama ameacha kupiga. Wewe unafikiri wufa ni mbovu, kumbe ni chumba kinachagua noti.

Na chumba cha pande sawa ndio kibaya zaidi juu urefu na upana zote zinainua noti ile ile. Chumba cha futi 10 kwa 14 kinakuanga na afadhali, shida inagawanyika.

Kuta huwezi kusogeza lakini kila kitu kingine unaweza. Toa wufa kwa kona. Kona inaongeza besi, hiyo ni kweli, na ndio watu huiweka huko, lakini inaongeza ile mbaya kwanza. Njia nzuri niliyowahi kuona inafanya kazi kila mara ni kuweka wufa pale kwa kochi, mahali unakaanga, ucheze wimbo wenye besi inayotembea, halafu wewe uzunguke chumba umeinama kichwa kikiwa usawa wa wufa. Utafika mahali noti zote zinasikika sawa sawa, hakuna inayonguruma na hakuna inayopotea. Weka wufa hapo, rudi ukae. Shemeji yangu aliona nikitambaa kwa sakafu yake kule Lanet akauliza nimepoteza nini, lakini wufa ilipohamia kando ya mlango alinyamaza akasikiliza wimbo mpaka ukaisha, akaurudia.

Usipende kukaa na mgongo umeshikana na ukuta pia, pale besi inavimba. Karibu theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukutani ndio mahali pazuri pa kuanzia.

Halafu kuna kelele ambayo sio ya spika kabisa. Besi ikipiga, vioo vya kabati vinatetema, picha ya harusi inagonga ukuta, msumari wa mabati umelegea unaitikia, na kutoka kwa kochi utaapa koni imepasuka. Cheza wimbo, tembea ukigusa vitu kimoja kimoja kwa mkono. Ukigusa kitu na kelele ikaisha, umekipata. Kipande cha kitambaa kinatosha.

Trei za mayai kwa ukuta msijisumbue. Kwa besi hazifanyi chochote, zinapunguza tu kidogo huko juu na zinashika moto haraka.

Sauti inachoma masikio, maneno hayasikiki vizuri

Simama katikati ya chumba upige makofi mara moja, nguvu. Ukisikia makofi yameisha na hakuna kitu kinafuata, chumba chako kiko sawa. Ukisikia "trrring" inafuata, ni sauti inaruka kati ya kuta mbili za simiti zinazotazamana, na hiyo hiyo inaruka kila mwimbaji akifungua mdomo. Sakafu ya simiti bila kapeti, kuta tupu, mabati juu bila silingi, hapo hata spika za milioni zitapiga kelele. Kapeti mbele ya spika, pazia nzito, makochi ya kitambaa, rafu yenye vitabu na vitu havilingani, hivyo ndio vifaa vya stereo hata kama haviuzwi duka la stereo. Kabla ya kununua chochote jaribu na godoro: lisimamishe kwa ukuta ulio nyuma yako ama kando ya spika, sikiliza dakika kumi. Kama tofauti ni kubwa, basi umejua pesa yako inaenda wapi.

Na jinsi spika zimekaa. Nimeona nyumba spika mbili zimepandanishwa moja juu ya ingine kwa kona moja, hapo stereo imeisha, kushoto na kulia vinatoka mahali pamoja. Nimeona zingine ziko chini sakafuni nyuma ya kochi. Zitenganishe, wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande karibu sawa, na twita iwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, juu sauti za juu huenda moja kwa moja kama tochi. Ziwe angalau sentimita 30 kutoka ukuta wa nyuma. Matofali mawili matatu yaliyofungwa na kitambaa ni stendi nzuri sana.

Inakwaruza ama inapasuka ukiongeza sauti

Kama inapasuka ukiongeza tu, na kwa sauti ya chini iko safi, ampu imefika mwisho wa uwezo wake. Hapa ndio maneno ya wati yanadanganya watu. Boksi imeandikwa 5,000, 10,000, na kando kwa herufi ndogo PMPO, ambayo ni hesabu isiyo na maana yoyote kwa mtu anayesikiliza muziki. Wati ya kweli ni ile inaitwa RMS. Geuza wufa yako, ile yenye ampu ndani, uangalie kibandiko cha nyuma, pale wameandika 240V 50Hz na kando yake wati inazokula kutoka kwa stima. Kama inakula wati 60 haiwezi kutoa zaidi ya 60, itatoa chini ya hizo. Plagi yenyewe ya soketi zetu fyuzi yake kubwa ni ampia 13, kwa volti 240 hiyo ni wati 3,120 tu, sasa hizo 10,000 zilipita wapi kuingia. Wufa nyingi za bei nafuu ndani kuna chipu inaitwa TDA2030, na hiyo inatoa karibu wati 14 kwa spika ya ohm 4 (ohm ni kipimo cha upinzani wa spika). Wati 14 zinatosha chumba kidogo, sisemi ni mbaya. Usilazimishe itoe ya kanisa.

Kitu kingine chenye watu hawajui: kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia kidogo. Lakini spika zinatofautiana sana kwa vile zinageuza wati kuwa sauti. Spika yenye desibeli 91 kwa wati 1 ukilinganisha na ya 85, hiyo tofauti ya 6 ni kama umezidisha ampu mara nne. Kwa hivyo mwenye ampu ndogo anataka sauti kubwa, abadilishe spika kwanza. Na ampu ndogo ikisukumwa mpaka ipasuke kila wikendi, itachoma twita, usifikiri ati ni ndogo haiwezi kuumiza.

Kama inakwaruza hata kwa sauti ya chini, fungua kitambaa cha mbele uangalie koni. Ule ukingo wa sponji unaozunguka huwa unaoza na miaka, spika za miaka 15 ama 20 ukigusa inabaki kama unga kwa vidole, na joto na unyevu wa huku chini kwa ziwa haviusaidii. Ukingo unabadilishwa, usitupe spika yenye koni nzima na sumaku nzuri. Kama ukingo uko sawa, zima kila kitu, weka vidole pande zote za koni usukume polepole ndani, sawa sawa. Inafaa kuteleza kimya. Ukihisi inakwangua kama mchanga, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua ama imehama, na hiyo ni kazi ya kufunga koili upya.

Na kama ni ile "krrr krrr" ya kuzungusha kifundo cha volyumu, ni uchafu tu ndani yake. Dawa ya kusafisha kontakti inayouzwa duka za umeme, puliza kidogo, zungusha mara ishirini. Usiweke mafuta ya cherehani, yanakamata vumbi na inarudi mbaya kuliko ilivyokuwa.

Inavuma "mmmm" hata bila wimbo

Shusha volyumu mpaka sufuri. Ikiendelea kuvuma vile vile, shida iko ndani ya ampu na mara nyingi ni kapasita kubwa za pawa zimezeeka, ukifungua unaona zimevimba kichwani. Fundi aweke zenye ujazo ule ule na volti sawa ama zaidi, isiwe chini. Usiguse mwenyewe kama hujui, zinabaki na stima hata ukitoa plagi.

Ikiisha ukishusha volyumu, huo mvumo unaingia kutoka nje. Chomoa waya mmoja mmoja nyuma: wa TV, wa dekoda, wa kompyuta. Ule ukiuchomoa na mvumo ukaisha, huo ndio wenye makosa. Nimekuta mara nyingi ni kebo ya dishi ama ya aria, inaleta njia ya pili ya kwenda ardhini na ampu inasikia tofauti. Jaribu kuchomeka TV, dekoda na ampu kwa ekstensheni moja, mara nyingi inatosha. Tafadhali usikate ile pini ya ardhi kwa plagi, kuna watu wanashauri hivyo, na hiyo pini ndio inakuzuia usife siku transfoma itakapogusa bodi ya chuma ya nje.

Kama unacheza na simu kwa waya wa AUX na simu iko kwa chaja, chomoa chaja kwanza usikilize. Hii peke yake ni nusu ya malalamiko ninayoletewa. Na ile "tirit-tirit-tirit" kabla meseji haijaingia ni simu yenyewe iko karibu sana na ampu, isogeze mita moja, hakuna kitu kimeharibika.

Upande mmoja umenyamaza

Badilisha spika, ya kushoto ifungwe kulia na ya kulia kushoto. Ukimya ukihama pamoja na spika, ni spika ama waya wake. Ukibaki upande ule ule, spika ni nzima, rudi nyuma ubadilishe nyaya za kuingilia ampu. Ukihama sasa, ni simu ama waya wa AUX, na huo waya hukatika pale shingoni kwa jeki, ukiukunja unasikia inaenda inarudi. Ukibaki, ni chanelo ya ampu. Dakika tano na umejua, bila multimita.

Inazima yenyewe

Angalia kama imefunikwa. Nyumba zetu kila kitu kina kitambaa, cha kushona kwa mkono, kizuri, na ampu nayo imevikwa halafu imefungiwa ndani ya kabati la TV. Hizo tundu za juu ni pua zake. Toa kitambaa, acha nafasi ya mkono juu yake, na ukiwa hapo angalia mende, wanapenda joto la transfoma na wanaleta shoti.

Kama haijafunikwa, hesabu spika. Spika mbili za ohm 8 zikifungwa pamoja upande mmoja zinakuwa ohm 4, nne zinakuwa ohm 2, na ampu nyingi za nyumbani haziwezi kushuka huko, zinajizima kujiokoa ama zinaungua. Angalia nyuma imeandikwa ohm ngapi. Na angalia kama kuna unywele mmoja wa shaba umeruka kutoka nyekundu ukagusa nyeusi. Jioni stima ikipungua pia ampu zingine hukatika, hiyo utaijua juu na taa zinafifia.

Hakuna kitu kimeharibika lakini wimbo hauna uhai

Hapo kagua wimbo. Wimbo uliotumiwa kwa WhatsApp, ukatoka kwa mtu aliyeutoa YouTube, akaugeuza akauita 320 (kilobiti kwa sekunde), hakuna spika itaurudishia kile kilishatupwa. Angalia ukubwa wa faili. Wimbo wa dakika 4 kwa 320 ni karibu MB 9.6, kwa 128 ni karibu MB 3.8, na ukikuta wako ni MB 2 basi matoazi yatasikika kama mtu anamwaga mchele. Linganisha na redio nzuri ya FM, ambayo inabeba mpaka karibu Hz 15,000, ama sidii ya zamani ya asili. Kama redio inasikika tamu na flashi haisikiki, umepata jibu, tafuta muziki safi hata kama ni nyimbo kumi kwanza.

Bluetooth haina hasara kubwa kama watu wanavyosema, kwa chumba cha kawaida chumba kinaharibu zaidi. Kitu cha muhimu ni kuinua volyumu ya simu mpaka karibu asilimia 85 halafu uongoze sauti kwa ampu, juu ukiacha simu chini na ampu juu unaongeza uchafu wote wa njiani. Na zima ile ya kuongeza besi kwa simu, inajaza wimbo mpaka unapasuka kabla haujafika kwa ampu.

Waya nilisema ni ya mwisho na sitaikawiza: ile twini ya shaba ya milimita za mraba 1.5 kutoka hadwea, mita 5 kila upande, upinzani wake ni karibu ohm 0.12 kwenda na kurudi. Kwa spika ya ohm 8 hiyo ni kitu kidogo sana. Hakikisha tu ni shaba, zile za aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba zinakatika haraka ukizikunja.

Ukinunua ya mtumba

Hapa uwe mkali. Vifaa vilivyotoka Uingereza vinaingia soketi zetu bila shida. Vilivyotoka Japani vingi ni vya volti 100, ukichomeka kwa 240 vinakufa papo hapo, nimeona hom theata ikitoa moshi kwa meza ya muuzaji kabla mnunuzi hajalipa. Marekani ni 120, pia hapana. Soma kibandiko cha nyuma wewe mwenyewe, usiambiwe. Na redio ya Japani FM yake inaanzia 76, nyingi za zamani zinaishia 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo mpaka 108, kwa hivyo hata ukipata transfoma ya kushusha volti bado Ramogi ama Mulembe huenda usizipate. Ukienda soko la Kibuye hapa Kisumu Jumapili beba betri yako ya 1.5, simu na waya wa AUX, sukuma kila koni kwa vidole, na uulize uskilize pande zote mbili moja moja kabla ya kutoa pesa.

Mvua ikianza kunguruma mchana, na huku kwetu radi ni ya kila wiki msimu wa mvua, chomoa plagi na kebo ya aria pia. Kuzima kwa swichi ya ukuta haitoshi.

Na ikibidi uende kwa fundi, usimwambie "imekufa, angalia." Mwambie umebadilisha spika na ukimya haukuhama, ama volyumu ikiwa sufuri inavuma bado, atajua aanzie wapi na hatakulipisha siku nzima ya kutafuta. Kaa hapo akifungua kama anakuruhusu, piga picha bodi kabla hajaigusa, na vitu vya zamani alivyotoa mwombe akupe kwa karatasi uende navyo nyumbani.